Filta ya Nne na Jina la Mutua

Jumanne, 14 Oktoba. Saa nne asubuhi.

Mawingu yametanda tangu alfajiri upande wa vilima vya Kilungu na hayadondoshi kitu. Joto limefungiwa chini yake kama mvuke ndani ya sufuria. Hapa Malili hata mbwa wamejificha. Nimeketi kwenye kiti cha mgongo mrefu, mito miwili nyuma yangu, kwa sababu nikilala chali mapafu yanajaa maji. Miguu imevimba hadi viatu vyote vimenikataa.

Leo Mutua anakuja.

Nilimwita mwenyewe. Nilimpigia simu Ijumaa nikamwambia nina neno. Akasema kama ni neno la simu niliseme, kama si la simu, Jumanne atakuwa hapa Malili kwa binti yake, atapitia kwangu saa nane. Nikasema si la simu. Akasema sawa.

Mara mbili nimewahi kujiandaa kumwambia. Mara ya kwanza ilikuwa mazishini, nikajiambia mazishi si mahali pake. Mara ya pili tulikutana kwenye harusi, nikajiambia harusi si mahali pake. Miaka arobaini imepita nikitafuta mahali pake. Daktari wa moyo ameacha kuniandikia tarehe ya kurudi, na hilo nalielewa bila kuelezwa.

Naandika haya kwa vidole viwili, polepole, kabla hajafika, ili nisipate nafasi ya kugeuza maneno baadaye. Binti yangu Mwende ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mwaka jana ili nisikae nikihesabu vidonge. Yuko jikoni. Hajui ninachoandika.

Wanaosoma hapa wananijua kwa hadithi nzuri. Nimeandika jinsi tulivyobuni filta za kamera za angani, nikasifiwa. Mmoja wenu aliandika kwamba mimi ndiye niliyeipa Ukambani jicho. Nililisoma neno hilo mara nyingi. Sikulisahihisha.

Wacha nieleze kazi kwanza. Bila kazi, kosa halieleweki.

Mwanzo wa miaka ya themanini nilikuwa mtaalamu wa mwanga katika mradi mdogo uliokodi nyumba ya mawe kando ya barabara kuu ya Mombasa, si mbali na Kiboko. Mradi ulikufa zamani na jina lake halina haja. Tulikuwa na ndege ndogo ya kukodi na kamera yenye lenzi nne. Mbele ya kila lenzi palikuwa na filta, kipande cha kioo kinachopitisha rangi moja ya mwanga na kuzuia nyingine. Unapata shamba moja kwa picha nne za mpigo mmoja, kila picha imeliona shamba kwa rangi yake. Ukizilinganisha unajua kilicho hai na kilichokauka bila kushuka kutoka kwenye ndege. Kazi yangu ilikuwa kuamua kila filta ipitishe nini.

Tatu za kwanza, ya kijani, ya nyekundu na ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, hazikuwa na shida. Tuliziagiza kutoka katalogi.

Lakini kwetu hakuna anayepanda mahindi peke yake. Kati ya mistari ya mahindi kuna mbaazi, tunayoiita nzuu, na nzuu haifi upesi. Mahindi yanaweza kukauka yakawa karatasi, nayo nzuu imesimama kijani miezi miwili zaidi. Kutoka angani, kwa filta tatu, shamba la mahindi yaliyokufa huonekana kama shamba lenye mavuno. Wageni walioleta kamera hawakulijua hilo. Mimi nililijua kwa sababu nimepalilia nzuu tangu nikiwa mtoto wa miaka sita.

Ndipo nikabuni filta ya nne. Kwa misimu miwili nilikusanya majani ya mahindi na ya nzuu, nikayafunga ndani ya magazeti yaliyoloweshwa, nikayakimbiza maabara Nairobi kabla hayajanyauka. Nilipima kila jani linarudisha mwanga kiasi gani kwa kila rangi. Nikachora kwenye karatasi za grafu. Mstari wa mahindi na mstari wa nzuu ilifuatana kama ng'ombe na ndama wake, ila mahali pamoja tu, pale wekundu unapoishia na infraredi kuanza. Hapo iliachana kidogo. Palikuwa na upenyo wa nanomita kumi, na katika upenyo huo mtu angeweza kutenganisha chakula cha kweli na majani matupu.

Niliandika vipimo. Kiwanda cha ng'ambo kikapaka kioo tabaka juu ya tabaka, kila tabaka jembamba kuliko ngozi ya povu la sabuni. Kilinishauri kibandike kioo kingine juu ili kuyalinda matabaka. Nilikataa. Kishikio kwenye lenzi yetu kilikuwa na nafasi finyu, na sikutaka kusubiri kingine kichongwe. Basi filta ilikuja baada ya miezi saba, matabaka yake wazi kwa hewa, ndani ya kisanduku chenye pakiti ya chumvi ya kunyonya unyevu. Juu ya kisanduku waliandika: usiguse, usipulizie pumzi.

Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba haitoki kabatini ila siku ya kuruka.

Ijumaa moja niliitia mfukoni nikaenda nayo nyumbani.

Sina sababu nyingine ila majivuno. Mama yangu hakuwahi kuelewa ninafanya kazi gani. Majirani walimwambia mwanawe amesomea hadi ng'ambo, na sasa anaokota majani kama mbuzi. Nilitaka aone. Aliishika karibu na dirisha, akaipinda hivi na vile, ikawa dhahabu, ikawa zambarau. Akacheka. "Basi hiki ndicho kinachokulisha?" Nikasema ndicho. Nikatoka kumsalimia binamu aliyekuwa akiniita langoni. Sikukaa hata dakika kumi.

Niliporudi, mama alikuwa amefanya kile alichokifanya kila jioni ya maisha yake kwa kioo cha taa ya mafuta. Alikipulizia pumzi, akakipangusa kwa pindo la leso, akapulizia tena, akapangusa tena.

"Kilikuwa na alama za vidole vyako," alisema. "Nimekung'arishia."

Nilimwambia asante, Mama.

Alikufa mwaka uliofuata bila kujua, na sijawahi kumtaja kwa mtu. Kosa si lake. Yeye aliona kioo kikiwa kichafu. Aliyekiweka mkononi mwake ni mimi, na aliyekataa kukivika kioo cha juu ni mimi.

Jumatatu niliipima. Upenyo wangu ulikuwa umehama na kupanuka. Kingo zilikuwa zimeanza kuota utando kama wa buibui, na katikati pumzi na leso zilikuwa zimekwaruza matabaka. Ilipitisha mwanga uleule ambao mahindi na nzuu huurudisha sawasawa. Kwa kazi niliyoibunia, haikuwa filta tena.

Ndege ilikuwa iruke Jumatano. Nyingine ingechukua miezi saba.

Nikaifunga kwenye lenzi. Nafasi tupu ingeonekana, filta iliyoharibika haionekani.

Saa sita na nusu.

Nimepumzika. Mwende ameniletea dawa.

Sasa Mutua. Kila ndege iliporuka, ilibidi mtu atembee chini kwa miguu na kuandika anachokiona, ili tulinganishe na picha. Mtu huyo alikuwa Mutua, kijana wa mashariki ya Kitui, mwenye baiskeli na mwandiko safi kama wa karani wa mahakama. Shule aliiacha darasa la saba. Tulilala hema moja misimu mitatu. Alikuwa akinitania kwamba mimi nikitaka kujua kama sufuria ina maji, napanda paa la nyumba kwanza. Sijawahi kukutana na mtu aliyetazama shamba kama yeye. Angepiga magoti, apasue bua, anuse, ndipo aandike.

Msimu ule wa ukame, njia aliyopangiwa ilipita kwao. Fomu zake zilikuja ukurasa baada ya ukurasa zikiwa na maneno yaleyale: mahindi yamekufa, nzuu imesimama, haina maganda.

Picha zilisema kuna kijani tele.

Tuliitwa mkutanoni, watu sita, Mutua hakuwemo. Orodha ya kata zitakazopelekewa mahindi ya msaada ilikuwa ikingoja ripoti yetu. Mkubwa wetu aliweka picha upande mmoja na fomu upande mwingine, akaniuliza kama filta ya nne inafanya kazi. Nilisema inafanya kazi kama ilivyobuniwa.

Mwenzetu mmoja akasema pengine Mutua hakufika huko, pengine alijazia fomu pale Makindu, kwenye hekalu la Makalasinga, tumbo limejaa chapati na dengu za bure. Watu wakacheka. Mkubwa hakucheka. Aligeuka tena kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua Mutua, akaniuliza kwa nini mtu aandike uongo kama huo.

Nikasema, "Kwao ni huko."

Maneno matatu.

Hakuna aliyeniuliza zaidi, hayo yalitosha. Mutua alidanganya ili watu wake wapelekewe mahindi, ikaandikwa hivyo, akafukuzwa kazi. Kata yake iliwekwa katika orodha ya mavuno ya wastani. Malori yalipita barabara kuu yakaenda kwingine. Ilichukua miezi mitano kabla ya mtu mwingine kutumwa huko akaona kwa macho yake, na hata alipoona, hakuna aliyekumbuka kuuliza kuhusu fomu za kwanza. Katika miezi hiyo baba yake Mutua alikufa. Alikuwa mzee, ndiyo. Alikuwa pia akiwapa wajukuu sahani yake.

Kanisani kwao walimvua ushemasi, wakasema mtu aliyefukuzwa kwa uongo hawezi kuwasomea wengine Neno. Wanawe walikua wakiitwa wana wa yule wa fomu.

Filta mpya ilipofika niliipokea mimi, nikaibadilisha mimi, na ile ya zamani nikaiponda kwa jiwe nyuma ya ofisi. Picha za msimu uliofuata zilikuwa nzuri sana. Nilipandishwa cheo. Nilipelekwa masomoni tena.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo sikuwahi kuiandika hapa.

Nasikia kuku akikaangwa. Nilimwambia Mwende apike vizuri, kuku na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliolainika, kwa kuwa mgeni anatoka mbali. Nilijiambia neno zito haliambiwi mtu mwenye njaa.

Saa nane kasoro.

Bado hajaja. Mkono wa kushoto umekufa ganzi. Naogopa kufa kabla hajafika, na naogopa afike.

Fimbo inagonga langoni.

Saa kumi na mbili jioni.

Ameenda. Nitaandika yote nikiwa bado nayasikia.

Alikuja na koti zito licha ya joto, kofia mkononi, amepungua lakini amenyooka. Alisimama mlangoni akinitazama kwa muda.

"Injinia. Bado wapumua?"

"Kwa zamu," nikasema. "Pafu hili leo, lile kesho."

Akacheka ile cheko yake ya zamani ya puani, akaketi. Mwende akamletea maji ya kunawa. Alimwambia, "Mwanangu, huyu baba yako alikuwa akiiba majani ya watu mashambani. Wenyewe wakimkuta anawaambia ni utafiti. Mwanamke mmoja alimkimbiza na jembe kule Mwingi." Mwende hakuwahi kuisikia hiyo. Alicheka hadi akashika mlango.

Mutua alikula vizuri. Alirudia muthokoi. Alisifu kuku. Mimi sikuweza kumeza, nilisogeza chakula sahanini. Tulizungumza juu ya mvua isiyokuja, na nani amekufa, na nani amekataa kufa. Alipomaliza alinawa, akachukua kijiti akachokoa meno, akasema, "Haya. Neno lisilo la simu."

Nikamwambia.

Nilianza na kisanduku, nikaenda na leso, nikaenda na Jumatatu na Jumatano. Hakunikatiza. Lori lilikuwa likipanda barabara kuu kwa gia ya chini, likachukua muda mrefu kuisha, nami nikangoja liishe kama mtu anayeomba lisiishe.

"Ilipanguswa na mama yako," akasema.

"Ndiyo."

"Aliwahi kunipa uji, mama yako. Siku tulipokwama na baiskeli."

"Ndiyo."

"Yeye hana kosa."

"Hana."

"Haya. Endelea. Mkubwa akakuuliza nini?"

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Ningeweza. Angebaki akijua kioo kiliharibika, angefikiri niliogopa tu na kunyamaza, na kunyamaza watu husamehe. Pumzi ilinikatika, na kwa muda nilitumaini ataona hali yangu aseme basi, pumzika. Hakusema. Alikaa akiningoja nipate pumzi.

Nikamwambia yale maneno matatu.

Alikitoa kile kijiti mdomoni, akakiweka ukingoni mwa sahani, akakinyoosha vizuri.

"Hilo sikulijua," alisema. "Miaka yote nilidhani ni yule wa kuchekacheka aliyenimaliza. Yule wa Makindu. Wewe nilikuwa nikikutetea. Mke wangu akisema, rafiki yako mbona hakukusemea, namwambia, huyo ni mtu wa kioo, kioo kimeona kilichoona, angesema nini?"

Akakigeuza kijiti upande mwingine.

"Unajua nilifanya nini waliponifukuza? Nilirudi shambani. Shamba lile la kwanza kwenye fomu, la mjomba wangu. Nikasimama katikati. Nikaona mahindi yamekufa, nikaona nzuu. Nikajiambia, Mutua, hapa kuna kitu wewe hukioni. Mwenye shule amekiona kutoka juu, wewe uko ndani yake na hukioni." Alinitazama. "Niliamini kioo chako, Injinia. Niliyaambia macho yangu yanyamaze."

Kisha akanieleza kuhusu mpaka. Baba yao alipokufa, jirani alisogeza mawe ya mpaka hadi ndani ya ardhi ya ndugu yake mkubwa. Mutua ndiye aliyekuwepo mawe yalipowekwa mwanzo, ndiye aliyemshikia baba yake kamba. Wazee walimwita aje aonyeshe. Alikataa. Aliwaambia yeye si mtu wa kuaminiwa kwa kuona. Ndugu yake alipoteza upande wote wenye kisima, na hadi leo hawali pamoja.

"Niliona mawe yalipokuwa," alisema. "Nayaona hata sasa. Lakini niliogopa kuapa. Nilisema, kama nilikosea mahindi, siwezi kukosea mawe?"

Nilimwambia anisamehe. Nilimwita jina lake lote, na la baba yake.

Aliitazama meza, mifupa ya kuku, bakuli, glasi ya maji iliyobaki nusu. Uso wake ukabadilika, akaonekana kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

"Umenilisha kwanza," akasema.

Akaisukuma sahani mbali naye.

"Kwetu mtu mwenye kesi na wewe hali chakula kwako mpaka kesi iishe. Ukishakula chumvi ya mtu, utamkasirikiaje? Unajua hilo."

"Najua."

"Ulijua ulipomtuma binti yako kwa kuku?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema niliona umetoka mbali. Mchana nimeandika hapa kwamba neno zito haliambiwi mtu mwenye njaa, na nilipoandika nilikuwa nimeliamini. Lakini alikuwa akinitazama kama alivyokuwa akilitazama bua kabla ya kulipasua.

"Nilijua," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. Hakuinua sauti, na ningependa angeinua.

"Basi hata ya leo ni ileile ya ofisini. Umenifunga mdomo kwanza, kisha ukaniuliza kama nina neno."

Mwende alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Sijui alifika lini. Chai ilikuwa imeacha kutoa mvuke.

Mutua alisimama, akashika fimbo, akavaa kofia humohumo ndani. "Alhamisi njoo kwangu. Wanangu nitawaita. Mke wangu yupo. Nitamwita ndugu yangu, kama atakubali kukaa chumba kimoja nami. Utasema haya mbele yao, kwa mpangilio huu, pamoja na yale maneno matatu. Ukiyaruka nitajua. Na hutapewa kitu. Hata maji. Ukimaliza kusema, wao ndio watakaoamua kama utapewa."

"Daktari amesema nisisafiri," nikamwambia. "Kitui ni mbali, Mutua. Naweza nisifike."

"Mimi niliambiwa nisirudi ofisini. Nilirudi mara tatu. Niliketi pale kwenye ngazi, ukapita ukaniambia unaharakishwa."

Nilikuwa nimeisahau ngazi. Miaka arobaini nimetunza kosa langu kama kitu ninachokijua chote, kumbe kuna sehemu yake sikuibeba, niliiacha kwake.

Alimpa Mwende mkono, akamshukuru kwa chakula, akamwambia ana mkono wa mama yake. Mimi hakunipa mkono. Nilisikia fimbo yake hadi langoni, akasimama kidogo, kisha akaenda.

Nimekuwa nikijiuliza tangu saa kumi kama nilimwita ili apone yeye au nife vizuri mimi. Jibu ninalo na si zuri. Nilitaka asikie, anisamehe, aende, nami nibaki na kiti changu na wasomaji wangu. Nilipanga hata chakula. Mtu aliyebuni filta maisha yake yote anajua kuchagua kipi kipite na kipi kizuiwe.

Alhamisi hakuna nitakachochagua.

Mwende aliosha vyombo kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Kisha alikuja akaketi kwenye kiti alichoketi Mutua. Huyu ni mtoto aliyepeleka picha yangu shuleni akawaambia wenzake baba yake anaona njaa kabla haijafika. Aliniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia, wewe na yeye, na hawa watakaosoma nikibonyeza kitufe.

"Bonyeza," alisema.

Baadaye, akiwa ameshafika mlangoni, aligeuka. "Gari nitatafuta. Tutaondoka saa kumi alfajiri kabla ya jua. Lakini dawa zako utazimeza kwa maji yetu, njiani, kabla hatujaingia kwake." Hakuniita Baba. Labda kesho ataniita.

Upepo umeanza na mawingu bado yako palepale. Kifua kinapiga bila mpangilio, mara tatu haraka kisha kimya, na katika kila kimya nahesabu. Sijui kama ndugu yake atakuja. Sijui kama wanawe wataniacha nimalize. Najua tu kwamba kuna nyumba mashariki ya Kitui ambako watu watakaa wakinisubiri niseme Mutua aliona sawa, na hakuna mwingine aliye hai anayeweza kuwaambia hivyo.

Kesho ni Jumatano. Siiombi kitu ila inivushe.